Kutoka Mnyika hadi Skwota

Chukua Mdigo aliyezaliwa mwaka 1940 huko Bodo, kijiji cha wavuvi na wakulima kusini ya Msambweni, jirani na Shirazi, Funzi na mashamba ya miwa ya Ramisi. Siku aliyozaliwa, vitabu vya wamisionari na mafaili ya serikali ya kikoloni vilimhesabu kuwa Mnyika. Alipofikia umri wa kwenda chuoni na shuleni, wanasiasa na makarani wa Mombasa walikuwa wamekwisha kumwita Mmijikenda. Na ikiwa konde la babake liliangukia ndani ya mpaka wa shamba kubwa la mtu mwingine, basi uzeeni, kwenye karatasi za ardhi, yeye ni skwota. Hakuhama kijiji, hakubadili lugha wala dini. Majina ndiyo yaliyohama juu ya kichwa chake, na kila moja lilikuwa na mtoaji wake na sababu yake.

Mabadiliko ya namna hii hupewa maelezo mepesi: neno hutumiwa mpaka likachacha, likamwagwa, likaletwa jingine. Steven Pinker, mwanasaikolojia na mwanaisimu wa Marekani, aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1994. Alisema kwamba jamii ikidharau kitu, tafsida yoyote itakayobuniwa kwa ajili ya kitu hicho itaambukizwa dharau ileile, itafutwe nyingine, nayo iambukizwe, mbio zisizofika popote. Ni kweli, ila si kweli yote. Pwani ya kusini ya Kenya ina majina yaliyochacha, ina mengine yaliyokaa miaka themanini bila kuharibika, na ina mengine yaliyosafika bila kubadilishwa hata herufi moja. Ukiyaweka pamoja, utaona kwamba lililoamua si sauti ya neno wala umri wake. Lililoamua ni lile ambalo mwenye kuitwa alikuwa nalo mkononi: ardhi, cheti, kura, au mikono mitupu.

Neno nyika lenyewe halina ubaya. Ni pori kavu la miiba lililo nyuma ya ukanda wa minazi, na Mnyika alikuwa mtu atokaye huko, kama Mvumba alivyo mtu wa Vumba na Mwamu mtu wa Lamu. Lakini aliyelitamka alikuwa amesimama mjini. Mtu wa Mombasa aliyesema "yule Mnyika" alitaja mahali, na papo hapo akataja kile ambacho kwa maoni yake mahali pale hapana: msikiti wa mawe, maandishi, nasaba ya kusimulia mbele za watu. Mmisionari Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na miaka miwili baadaye akaanzisha misheni Rabai pamoja na Johannes Rebmann. Aliwasikia watu wa mji wakisema hivyo, naye akaandika kama alivyosikia. "Wanika" na "Kinika" vikaingia katika orodha za msamiati na kamusi za wamisionari, na kutoka kamusini jina likahamia ofisini.

Ofisini ndiko lilikoonyesha lilivyo hasa. Serikali ililitumia kwa wote: Wagiriama, Waduruma, Warabai na wenzao, pamoja na Wadigo. Mdigo wa Bodo huamka na kulala akisikia bahari. Mashua yake iko mikokoni, chumvi iko kwenye ngozi yake. Kitabuni alikuwa mtu wa pori kavu. Neno lilikuwa limekwisha kuacha jiografia na kushika daraja.

Katika miaka ya 1940 ndipo walioitwa hivyo walipokataa. Chama cha Mijikenda Union kiliundwa Mombasa na watu waliokuwa wakiishi na kufanya kazi mjini, wakijua vizuri jina la Mnyika linavyosikika mlangoni pa mwajiri. Jina walilolichukua lilihesabu miji tisa, yaani makaya, ya Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wachonyi, Wakauma, Wakambe na Wajibana. Mwanahistoria Justin Willis ameieleza hadithi hiyo kwa kirefu katika kitabu chake cha 1993 kuhusu Mombasa, Waswahili na kuundwa kwa Mijikenda. Wanaopenda kudai kwamba Mijikenda ni jina la tangu enzi watakunja uso wakikisoma, maana kinaonyesha umoja uliosukwa mjini, katika siasa za kazi na za nani ana haki gani Mombasa.

Upya wake haukulidhuru. Jina lilishika kwa sababu lilikuja pamoja na vitu: chama cha kukusanyikia, hesabu ya wapiga kura ambayo hakuna mgombea wa Pwani anayeweza kuipuuza, na mwaka 2008 misitu mitakatifu ya makaya ya Mijikenda ikaandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, Kaya Kinondo ya Diani ikiwa miongoni mwayo. Msitu uleule ambao misheni iliuona kuwa maficho ya uchawi, leo mgeni hulipa kiingilio na kufungwa kaniki nyeusi kiunoni kabla ya kuingia.

Kuna kejeli hapa ambayo watu wa Kwale hawapendi kuizungumza. Nusu karne baada ya kuikataa nyika, baadhi ya waliokuwa Wanyika waliligeuza neno jingine la jiografia kuwa silaha. "Bara" haina kosa zaidi ya lile ambalo "nyika" ilikuwa nalo. Mama wa Bodo akisema viazi vimetoka bara, hajamtukana mtu. Lakini usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua, wakachukua silaha, na fujo zikateremka kusini hadi Ukunda na Diani. Vikaratasi vilivyosambazwa viliwaambia watu wa bara warudi kwao. Maelfu waliondoka. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoteuliwa mwaka uliofuata kuchunguza mapigano ya kikabila nchini, ilisikiliza ushahidi wa jinsi ghasia zile zilivyopangwa karibu na uchaguzi. Tangu hapo neno "wabara" lina misimu miwili. Mwaka wa kawaida ni jina la wenye maduka na walimu wa shule. Mwaka wa uchaguzi mtu hulisikia na kuangalia mlango wake.

Tume ya Taifa ya Uwiano na Utangamano ilijua hilo. Mwezi Aprili 2022, miezi minne kabla ya uchaguzi, ilitangaza orodha ya maneno ya chuki, na humo mlikuwa na "wabara waende kwao", "wakuja", "madoadoa" na "kwekwe". Orodha hiyo ilichekwa sana, na kwa sababu nzuri, maana iliingiza pia "hatupangwingwi", msemo uliotokana na wimbo wa vijana ambao wanasiasa waliudandia. Tume ilichanganya makali na mzaha. Hata hivyo kwa "wakuja" haikukosea. Anayeitwa mkuja anaambiwa kwamba hata akizika watoto wake hapa, bado yuko safarini.

Maneno ya utumwa yalipita njia nyingine, yenye giza zaidi.

Mtumwa, kwa asili, ni aliyetumwa. Ametoka katika kitenzi kilekile kilichotupa Mtume. Pwani ilikuwa na msamiati mzima wa hali hiyo: mtwana, mjakazi, mzalia aliyezaliwa nyumbani mwa bwana, suria. Kila neno lilikuwa na hadhi yake ndogo, na mzalia hakukubali kuchanganywa na mtu aliyeletwa jana. Kutoka Gasi, ngome ya Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, hadi Shimoni na Wasini, mashamba na nyumba za ukanda huu zilijengwa na mikono yao. Mwaka 1907 sheria ya kikoloni ikaifuta hali ya utumwa katika pwani ya Kenya. Fidia ililipwa, nayo iliwaendea mabwana. Walioachwa huru walipata uhuru usio na shamba.

Mwaka uliofuata, 1908, ikatungwa sheria ya hati za ardhi ya pwani. Mwenye dai alitakiwa ajitokeze na ushahidi wake. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya Mfalme wa Uingereza. Waliokuwa na karatasi za kadhi, fedha na ujuzi wa ofisi walidai. Aliyekuwa mtumwa hadi mwaka jana angedai nini, na kwa karatasi ipi? Katika muda wa miezi michache serikali ilifuta jina moja la aibu kutoka katika sheria zake na kuandaa mazingira ya jina jingine.

Watu wenyewe hawakukaa kusubiri. Wengi waliotoka utumwani walijiita Waswahili, jina pana lenye mlango wazi, ambalo waungwana wa zamani hawakulipenda sana. Wao walijitaja kwa mji, Mmvita au Mvumba. Kadiri wazao wa watumwa walivyoingia humo, ndivyo wengine walivyotoka. Unguja na Pemba zina kumbukumbu ya takwimu isiyo na mfano. Katika sensa ya mwaka 1924 watu zaidi ya 30,000 walijiandikisha kuwa Waswahili. Mwaka 1931 walibaki takriban 2,000. Hakukuwa na tauni. Watu walihamia majina mengine, Washirazi na Wahadimu na kadhalika, kwa sababu kuitwa "Mswahili" kulikuwa sasa kunanong'ona kwamba babu yako alinunuliwa. Baadaye hata Wahadimu wengi wakaliacha jina lao, lenye asili ya neno la Kiarabu la mtumishi, wakasimama na Ushirazi. Na leo Dar es Salaam mtu akiambiwa "acha Uswahili" hajasifiwa. Ameambiwa aache maneno mengi na ujanja mdogo, wakati lugha yenye jina hilohilo inatumika katika Umoja wa Afrika.

Karibu na Bodo jambo hili lina uzito wake, maana Washirazi wa vijiji vya hapa walikuwapo kabla ya sensa yoyote, na huwaudhi kusikia kwamba Ushirazi ni vazi la watu waliokimbia jina. Wana haki ya kuudhika. Jina moja linaweza kuwa urithi kwa mmoja na kimbilio kwa mwingine, na mtafiti asiyetofautisha hayo mawili atatukana kijiji kizima bila kujua.

Mshenzi aliporomoka mpaka akapoteza kabila. Zamani lilikuwa jina la kundi: watu wa ndani, wasio Waislamu, kinyume cha muungwana na mstaarabu. Leo dereva wa matatu Ukunda humrushia bodaboda aliyemkatia njia, bila kujali anatoka wapi. Kafiri alisafiri mbali zaidi. Alitoka katika Kiarabu cha dini, akapita pwani hii vinywani mwa wafanyabiashara, Wareno wakamchukua, na Afrika Kusini akawa tusi la rangi lenye chuki kuliko yote. Mwaka 2018 mahakama moja ya huko ilimhukumu mwanamke kifungo kwa kuwarushia maafisa wa polisi neno hilo. Wakati huohuo Sri Lanka kuna jamii ndogo ya wenye asili ya Kiafrika, hasa upande wa Puttalam, ambayo hujiita kwa neno hilohilo bila kukunja uso. Herufi ni zile zile. Huko hakuna aliyelitumia kuwanyang'anya nchi.

Tukija kwenye ulemavu, mbio za Pinker zinaonekana wazi, na pia mahali zinapokatika. Kilema lilionekana kali, ikaletwa "asiyejiweza". Ilikuwa huruma mbaya kuliko tusi: fundi cherehani mwenye mguu mmoja anayelisha watu wanane akaitwa asiyejiweza na mtu anayekuja kuazima pesa kwake. Ikaja "mlemavu", halafu "mtu mwenye ulemavu". Kenya iliweka jambo hilo katika sheria kuu: kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na ya kuitwa kwa namna isiyomshushia hadhi. Ni katiba chache duniani zinazozungumzia mtu aitweje.

Zeruzeru ndilo lililokwenda kasi kupita yote. Neno hilo liliachwa kwa sababu lilikuwa na harufu ya mzimu na kiumbe asiye kamili, likawekwa "albino" la kigeni, safi kama shuka jipya hospitalini. Kisha kuanzia karibu mwaka 2006 na 2007 yakaja mauaji ya Tanzania, watu wakikatwa viungo kwa ajili ya ushirikina wa utajiri, na mitaani wakaitwa "dili" wakipita. Albino nalo likachafuka kabla watoto waliofundishwa neno hilo hawajamaliza shule. Chama chao cha Tanzania, kilichoanza mwaka 1978 kikiwa na neno albino katika jina lake la Kiingereza, kikalibadilisha kiwe chama cha watu wenye ualbino. Je, hilo nalo litachacha? Inategemea. Al-Shaymaa Kwegyir aliteuliwa mbunge mwaka 2008, Salum Khalfani Bar'wani akachaguliwa na wapiga kura wa Lindi Mjini mwaka 2010, na Isaac Mwaura akaingia Bunge la Kenya mwaka 2013. Ni vigumu kumwita mtu mzimu huku ukimwomba akupitishie hoja.

Viziwi wao walikataa kukimbia. Chama chao Tanzania kinaitwa CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, na hakina mpango wa kujiita cha wasiosikia. Kwao kiziwi ni mtu mwenye lugha yake, ya alama, na jina halihitaji kufunikwa. Wasioona upande wao walichagua wasioona. Mwandishi anayetafuta kanuni moja ya adabu kwa wote wawili atamkosea mmoja. Njia fupi ni kuuliza.

Kwa wagonjwa wa akili hata majina ya hospitali hayakusalimika. Nairobi mtu hutishiwa Mathari, Tanzania hutishiwa Mirembe ya Dodoma, na Mombasa husemwa apelekwe Port Reitz. Hakuna aliyetunga matusi hayo. Mathari ilianza mwaka 1910 kwa jina la Kiingereza la nyumba ya vichaa, likabadilishwa liwe la hospitali ya akili, na siku hizi ni hospitali ya taifa ya mafunzo na rufaa. Kibao kimepakwa rangi mara kadhaa. Kejeli ya mtaani haijasogea, kwa sababu hofu ya watu kuhusu kinachotendeka nyuma ya lango lile haijasogea pia.

Sasa tazama Wamakonde. Walifika Kwale kutoka Msumbiji tangu miaka ya 1930 kufanya kazi kwenye mkonge na kwenye miwa ya Ramisi. Kiwanda cha sukari kilipofungwa mwaka 1988, walibaki bila kazi na bila nchi: Kenya haikuwatambua, na Msumbiji waliijua kwa hadithi za wazee. Bila kitambulisho hapakuwa na akaunti ya benki, laini ya simu kwa jina lako, wala kazi rasmi. Mtoto alimaliza shule na safari yake ikaishia hapo. "Mmakonde" ilimaanisha mgeni mwenye chale usoni, wa kuchongewa kwa polisi.

Mwezi Oktoba 2016 waliondoka Kwale kwa miguu kuelekea Nairobi. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea Ikulu, akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya Desemba, na mapema mwaka 2017 vikatolewa Kwale, Wamakonde wakatangazwa kabila la 43 la Kenya. Mwezi Julai mwaka huohuo Wakenya wenye asili ya Asia wakawa la 44. Wapemba, wavuvi waliokaa vizazi kadhaa kwenye fuo za Kwale na Kilifi, walitambuliwa mwaka 2023. Hakuna hata mmoja wao aliyebadilishiwa jina. Mmakonde ni Mmakonde, Mpemba ni Mpemba. Kilichobadilika ni kwamba akisimamishwa na polisi njia ya Lunga Lunga anatoa kadi mfukoni. Kwa miaka mingi watu wenye nia njema waliwatafutia Wamakonde majina ya upole, "jamii isiyo na uraia" na mengineyo. Kadi moja ilifanya kazi ambayo majina yote hayo hayakuifanya.

Na skwota? Neno lililetwa na sheria za kikoloni za kazi, zikiwemo za 1918 na 1937, kwa Mwafrika aliyekaa kwenye shamba la mzungu na kulipia kwa jasho. Lilikuwa jina la mkataba. Pwani lilibandikwa kwa watu ambao hawakuwa na mkataba na yeyote, waliozaliwa penye makaburi ya babu zao na miembe aliyoipanda bibi. Ardhi ya Ramisi ilipokodishwa upya mwaka 2007 kwa ajili ya miwa, mgogoro na wakazi ulirudi, na neno likarudi nalo. Sasa ni kejeli hata baina ya majirani. Mchumba hukataliwa kwa sababu kwao ni kwa maskwota. Tayari mafaili yameanza kusema "wakazi wasio rasmi", na hilo litachukua muda mfupi tu kufika pale lilipofika skwota.

Wahariri wa redio na magazeti ya Pwani waliache neno hilo leo, na wasilibadilishe kwa tafsida. Waandike kilichotokea: familia fulani, imelima hapa tangu lini, hati ya shamba iko kwa nani na aliipataje. Kazi iliyobaki si ya wahariri. Kifungu cha 67 cha Katiba kimeipa Tume ya Kitaifa ya Ardhi jukumu la kuchunguza dhuluma za kihistoria za ardhi na kupendekeza suluhisho linalofaa. Iende Kwale ikaanzie Ramisi, na ripoti yake ije na hati.